Kufufua Motokaa Kongwe Iliyoliwa na Kutu

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, nyuma ya nyumba nyingi za watu wa kawaida, chini ya maturubai na majani makavu ya miaka, zimelala motokaa ambazo katika ujana wake zilitikisa barabara kwa ngurumo na ambazo leo haziwezi kujivuta hata hatua moja. Vioo vyake vimefifia, matairi yamekauka na kupasuka, panya wamefanya makazi ndani ya viti, na kutu imeila sakafu hata majani yameota yakachungulia mahali palipowekwa miguu ya dereva. Mpita njia huona hapo chuma chakavu cha kuuzwa kwa mizani. Lakini wako makarani, walimu, wakulima na wastaafu ambao wakikitazama chuma kile kile huazimia kukirudishia uhai kwa mikono yao wenyewe, katika banda la nyumbani, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko. Makala haya yanakusudia kueleza kazi hiyo kwa msomaji asiyekuwa fundi: motokaa hizo ni zipi, kwa nini kutu imezidhuru kiasi hicho, na kwa utaratibu gani mtu asiye na kiwanda aweza kuzifufua. Hukumu yangu naitanguliza: thamani ya kazi hii yote imo mahali pasipoonekana, na atakayeanza na rangi ameanza na mwisho.

Asili ya motokaa hizi, ambazo Wamarekani huzisifu kwa jina la misuli, ni shauri lililofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na wahandisi wa Pontiac, tawi mojawapo la kampuni ya General Motors, chini ya mhandisi mkuu wao John DeLorean. Kampuni ilikuwa imekataza gari la umbo la wastani lisitiwe injini iliyopita kadiri iliyowekwa. Nao wahandisi, bila ya kuivunja amri waziwazi, waliitwaa injini ya inchi za ujazo 389, yaani takriban lita 6.4, wakaiandika katika orodha ya vitu ambavyo mnunuzi wa gari la wastani liitwalo Tempest aliweza kujichagulia kwa kuongeza fedha. Gari lililotokana na werevu huo lilipewa jina la GTO, likauzwa mwaka wa 1964 likiwa na nguvu za farasi 325, na walionunua mwaka ule walizidi 32,000. Washindani hawakulala: Chevrolet walitoa Chevelle ya namna hiyo, Dodge wakatoa Charger, Plymouth wakatoa Road Runner, na mashindano yakapanda hata mwaka wa 1970 Chevelle moja ikauzwa madukani ikiwa na injini ya inchi za ujazo 454, iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 450. Fikira ya wote ilikuwa moja, nayo ni kutia injini ya gari kubwa katika bodi ya gari la wastani, kwa bei ambayo kijana mwenye mshahara aliweza kuimudu.

Zama hizo hazikudumu. Makampuni ya bima yaliona ajali za vijana yakapandisha ada. Sheria ya hewa safi iliyotiwa sahihi siku ya mwisho ya mwaka wa 1970 iliwalazimisha waundaji kupunguza sumu katika moshi. Injini nyingi za mwaka wa 1971 zikashushwa mgandamizo na hivyo zikashuka nguvu. Na mnamo Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yao yasiende Marekani, gari linywalo petroli bila ya kiasi likageuka kuwa mzigo kwa mwenyewe. Motokaa ambazo miaka michache kabla yake zilikuwa fahari ya mtaa ziliuzwa kwa bei duni, zikachakazwa, zikaegeshwa, zikasahauliwa. Ndiyo sababu waliozipenda wakiwa watoto, na wasio na uwezo wa kuzinunua wakati ule, walizikuta baadaye katika mabanda na mashamba zikiwa zimebaki mifupa.

Kwa mfano wa makala haya naichagua Ford Mustang ya mwaka wa 1965. Wataalamu wengine huiweka katika kundi jingine, wakisema kuwa ni ndogo na nyepesi kuliko jamaa zake wa ukoo wa GTO, na neno lao lina hoja. Walakini hakuna motokaa ya zama zile inayomfaa zaidi mtu anayejifunza. Ilionyeshwa kwa watu tarehe 17 Aprili 1964, katika maonyesho ya dunia ya New York, na haikutimu miaka 2 kabla ya ile ya milioni moja kuundwa. Kwa wingi huo viko viwanda ambavyo mpaka leo huunda vipuri vyake karibu vyote, kuanzia skrubu ya taa hadi bati la sakafu nzima, hivyo anayeifufua hasimami kazi kwa kukosa kipande.

Sasa tumtazame adui. Chuma hutoka ardhini kikiwa kimeshikamana na oksijeni, na binadamu hukitenganisha nayo kwa moto mkali. Kutu ni chuma hicho kikirejea katika hali yake ya kwanza, na kinachokirudisha ni maji na hewa. Maji yakiwa na chumvi, kazi hiyo huenda mbio zaidi, maana chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na kutu kwa asili yake ni tendo la umeme linalopita baina ya sehemu na sehemu ya bati lile lile. Katika majimbo kama Michigan, Ohio na New York barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na maji hayo ya chumvi huruka chini ya gari, yakaingia katika mianya na mikunjo, yakatulia huko. Fauka ya hayo, bati la motokaa za miaka ile, ila sehemu chache, halikupakwa zinki, na ndani ya vizingiti na mihimili rangi ya kiwandani haikufika sawasawa. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana mabati mawili yaliyoshikana hutanuliwa na kutu iliyo baina yake hata yakapasuka. Gari lililoishi katika ukavu wa Arizona laweza kuwa limepauka rangi na viti vimepasuka kwa jua, lakini chuma chake kizima. Nalo ni afadhali mara nyingi kuliko linalong'aa lililotoka penye theluji.

Mustang ina pahala pamoja panapostahili kuelezwa kwa karibu, kwa sababu ndipo ilipo siri ya maradhi yake. Chini ya kioo cha mbele, penye waipa, kuna matundu membamba yanayoingiza hewa. Chini ya matundu hayo mabati mawili yameunganishwa yakafanya mfereji uliofichika, na ndani ya mfereji, upande wa dereva na upande wa abiria, kuna mdomo wa duara wenye ukingo ulioinuka, ili maji ya mvua yaupitie kando na kutokea pembeni, na hewa peke yake ishuke ndani. Miaka inapopita, majani na vumbi hujikusanya kuuzunguka ukingo ule, yakashika unyevu, ukingo ukaliwa. Na tangu hapo kila mvua inyeshapo maji hudondoka penye miguu ya dereva, zulia likayanywa na kukaa bichi juu ya bati kwa majuma. Wengi hubadilisha sakafu iliyotoboka wakafurahi, na baada ya misimu michache sakafu mpya nayo imetoboka, kwa kuwa walishughulikia matokeo wakaiacha sababu. Fundi mwenye busara humwaga ndoo ya maji juu ya matundu yale, kisha akalala chali chini ya dashibodi na tochi yake. Likidondoka tone moja, hana budi kutafuta alama za kuchomelea za kiwandani, azitoboe kwa drili moja baada ya moja mpaka bati la juu liachane na la chini, autengeneze ukingo, auzibe, aupake rangi, ndipo alirudishe bati mahali pake. Ni kazi ya siku nyingi, na ikiisha hakuna mgeni atakayeiona.

Kwa hivyo anayenunua gari la kufufua na asidanganywe na uso. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali hiyo ni amri kama ilivyo. Achukue sumaku ndogo aliyoivisha kitambaa, aipitishe juu ya madigadi, chini ya milango na kwenye mbavu za nyuma. Pale sumaku isiposhika, chini ya rangi hakuna bati, kuna puti. Achukue bisibisi, na kwa idhini ya mwenye gari adunge mihimili ya chini na pembe za sakafu. Mustang haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo chesisi, na sakafu, vizingiti na mihimili ndivyo vinavyobeba injini na abiria. Ikiwa vimeoza, rangi nzuri ya juu haiongezi nguvu, kama chokaa isivyoongeza nguvu kwa boriti iliyoliwa na mchwa. Milango inayoning'inia, au inayokwaruza kizingiti inapofungwa, ni dalili kwamba kiwiliwili kimeanza kukunjika kati.

Baada ya chuma, na asome nambari. Chini ya boneti, juu ya bati la ndani la upande wa dereva, imepigwa nambari ya gari, na kila herufi yake ina maana. Nambari ianzayo 5F09K yaeleza kwamba gari ni la mwaka wa 1965, limeundwa Dearborn katika jimbo la Michigan, umbo lake ni lile la paa linaloteremka moja kwa moja hadi nyuma, na injini yake ni ya inchi za ujazo 289 yenye nguvu za farasi 271. Herufi R badala ya F ni San Jose, na T ni Metuchen. 07 ni umbo la kawaida la milango miwili, na 08 ni lile la paa la kukunja. Herufi C mwishoni ni injini ya nguvu za farasi 200. Nambari hizi hutenga gari la asili na gari lililovikwa sifa lisizozaliwa nazo, na tafauti ya bei baina yao ni kubwa mno. Kuihamisha nambari kutoka gari moja na kuibandika kwenye jingine kwa hila ni jinai katika sheria ya Marekani.

Gari likishafika nyumbani, kazi ya kwanza ni kulifungua, na wengi hushindwa hapa pasipo kujua. Kufungua ni jambo jepesi. Kukumbuka ndilo zito. Anayefaulu hupiga picha kila kipande kabla ya kukigusa, hutia bolti na nati za kila sehemu katika mfuko wake, na huandika juu ya mfuko jina la sehemu na upande ilikotoka. Kipuri kibovu hakitupwi mpaka kipya kimekaa mahali pake, maana cha zamani ndicho kielelezo. Bolti iliyoganda hailazimishwi: hupakwa mafuta ya kupenya, ikaachwa usiku kucha, ikapashwa moto, ikarudishwa nyuma na mbele kidogo kidogo. Motokaa zilizofunguliwa kwa pupa na kubaki vipande ndani ya masanduku, zikauzwa kwa hasara kwa mtu mwingine, ni nyingi.

Kutu ya juu juu huondolewa kwa njia kadhaa. Brashi ya waya na msasa hufaa mabati yanayofikika. Mchanga unaorushwa kwa upepo wa kompresa hufaa vyuma vinene, lakini mabati mapana kama boneti hukunjwa nao yasinyooke tena. Asidi ya fosfori hugeuza mabaki ya kutu kuwa tabaka jeusi gumu linaloshika rangi. Kwa vipande vidogo iko njia ya umeme, ambayo haina gharama kubwa: pipa la plastiki hujazwa maji yaliyotiwa magadi ya kufulia, kipande chenye kutu hufungwa kwenye waya hasi wa chaja ya betri, na kipande cha chuma kisicho na thamani kwenye waya chanya, umeme ukipita, kutu huachia, na chuma kizima hakiliwi. Lakini kazi hiyo ifanywe nje penye hewa, kwa kuwa hutoa gesi ya hidrojeni ambayo hulipuka, wala kamwe kisitumike chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwani huyatia maji sumu kali.

Pale kutu ilipotoboa, dawa ni kukata mpaka kufikia chuma kilicho safi, na kuchomelea bati jipya. Kabla ya msumeno kugusa sakafu, nafasi za milango hupimwa na kuandikwa, na nguzo za chuma huchomelewa kwa muda katikati ya milango, ili bodi isijipinde itakapopungukiwa na mbavu zake. Tangi la mafuta huondolewa mapema, na katika Mustang jambo hili ni la kufa na kupona, kwa sababu sehemu ya juu ya tangi ndiyo sakafu yenyewe ya buti, na cheche moja yatosha. Bati ni jembamba, unene wake kiasi cha milimita moja au pungufu, hivyo mashine ifaayo ni ile inayolisha waya mwembamba chini ya kinga ya gesi. Bati jipya hutobolewa matundu pembezoni, likabanwa juu ya la zamani, na kila tundu likajazwa kwa moto, hata kiungo kikafanana na kile cha kiwandani. Mchomeleaji hapigi mstari mrefu kwa mara moja: huweka doa hapa, akaenda kuweka doa kule, akasubiri bati lipoe, maana joto likikusanyika mahali pamoja bati huvimba na kuyumba. Mikunjo yote hatimaye huzibwa kwa gundi ya viungo, na mashimo ya ndani hupakwa nta.

Katika mitambo, breki ndizo zinazostahili kutangulia injini. Mustang ya 1965 ina pampu ya breki yenye chumba kimoja tu. Bomba moja likipasuka, breki za magurudumu yote manne hupotea kwa pamoja. Kuanzia gari la mwaka wa 1967 pampu iligawanywa vyumba viwili, na wanaofufua magari ya kabla yake kwa ajili ya kuyaendesha wafanya vema kuyatia pampu hiyo, pamoja na mikanda ya usalama. Ama injini iliyolala miaka mingi haiwashwi kwa starta: silinda hutiwa mafuta kupitia matundu ya plagi, ikaachwa siku kadhaa, kisha ikazungushwa taratibu kwa spana. Ikizunguka, bado kabureta husafishwa, petroli iliyooza humwagwa, na mabomba ya mpira hubadilishwa yote. Isipozunguka, hufunguliwa ikapelekwa kwa fundi wa mashine apime silinda na fito, kwani hiyo ni kazi ambayo banda la nyumbani haliwezi.

Rangi huja baada ya hayo yote, nayo ina hatari ambazo hazina budi kutajwa bila ya kificho. Rangi za zamani zilichanganywa na risasi, na viungo vya bodi vilijazwa risasi, hivyo vumbi la msasa ni sumu. Breki na klachi za miaka ile zina asbestosi, ambayo hairuhusiwi kupulizwa kwa upepo. Na rangi za kisasa zinazochanganywa na kigumisho zina kemikali inayoweza kudhuru mapafu maisha yote, wala barakoa ya kitambaa haiizuii. Asiye na hewa ya kupumulia iliyotengwa na chumba cha kupulizia, na akampe mwenye chumba hicho kazi ya rangi.

Liko suali la mwisho: je, kila gari kongwe lirudishwe kuwa jipya? Katika filamu ya Bullitt ya mwaka wa 1968, Steve McQueen aliendesha Mustang ya kijani katika vilima vya San Francisco. Gari hilo lilinunuliwa na mtu wa kawaida mwaka wa 1974. Mwigizaji mwenyewe akaandika barua mwaka wa 1977 kuliomba, na mwenye gari asimwuzie. Lilikaa na familia hiyo miaka mingi, likaliwa na kutu kiasi, rangi ikachakaa. Na lilipopigwa mnada Florida, Januari 2020, likiwa na michubuko yake yote, liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3. Bei hiyo ni ya umashuhuri, wala mtu asiitarajie. Lakini yafundisha kwamba alama za kweli za umri zina thamani ambayo haiwezi kuundwa upya. Kilichooza kikatwe, kilicho kizima kihifadhiwe, hata kikiwa kimechujuka. Aghalabu gharama ya kufufua huishinda bei ya kuuzia, na faida ya kazi hii ni maarifa na furaha zaidi ya fedha.

Wasomaji wetu walio wengi hawatapata GTO wala Mustang. Lakini hewa ya bahari ya Mombasa, Tanga na Unguja hulifanyia bati jambo lile lile lifanywalo na chumvi ya barabara za Michigan, na Land Rover za zamani na Peugeot 504 bado zipo miongoni mwetu. Mafundi wetu wa kuchomelea na kunyoosha bodi wanao ustadi wa kutosha. Kinachopungua aghalabu ni subira ya mwenye gari, atakaye rangi ing'ae kesho na asiyeuliza kilichozibwa chini yake. Basi ukimpelekea fundi gari lako kongwe, usimwulize rangi itakuwa tayari lini. Mwombe aondoe zulia mbele ya macho yako, achokonoe sakafu kwa bisibisi, akuonyeshe chuma kilicho kizima na kilichooza. Umlipe kwanza kwa kukata na kuchomelea, na rangi iwe ya mwisho.